Mjadala: Wazee wa kanisa wakiamua "kila mmoja ashuke kidogo", hiyo ni haki?

Wadau, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Mgogoro wa mpaka, deni au ndoa ukifika kwa wazee wetu, mara nyingi uamuzi ni uleule: kila mmoja ashuke kidogo, muombane msamaha, tufunge kwa sala. Mimi nasema hiyo si hekima ya Biblia, hata kama inatolewa kwa jina lake.

Nilihudhuria kikao cha namna hiyo Uchaggani. Mjane alilalamika kuwa shemeji yake ameng'oa masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, na kuyapanda upya ndani ya kihamba (shamba la ukoo) cha mjane huyo. Mashimo ya zamani yalikuwa bado yanaonekana, lakini hakuna mzee aliyenyanyuka kwenda kuyaangalia. Wakakimega kipande kile nusu kwa nusu, na mama akaambiwa aombe radhi kwa sababu alitoa maneno makali. Akaomba! Isale (moja ya masale) hilohilo ndilo Mchagga hulipeleka anapomwomba msamaha mtu aliyemkosea yeye, na shemeji, aliyestahili kulibeba siku ile, alirudi nyumbani na nusu ya ardhi.

Wanaotetea nusu kwa nusu humtaja Sulemani. Someni 1 Wafalme 3 hadi mwisho, kisa cha wanawake wawili waliogombea mtoto mmoja: upanga uliletwa ili ukweli ujitokeze, na ulipojitokeza, mama halisi alipewa mtoto mzima. Aliyegawa kweli ni Daudi. Siba alimshtaki bwana wake Mefiboshethi, na Daudi akampa Siba mali yote bila kumsikia mshtakiwa (2 Samweli 16). Baadaye Mefiboshethi akaja kujieleza, miguu haijaoshwa, ndevu hazijakatwa tangu mfalme aondoke. Daudi hakuchunguza; akasema wagawane mashamba (2 Samweli 19). Mithali 18:17 inaonya juu ya hilo: anayeanza kujieleza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje kumhoji.

Mchangiaji wa 1: Umemsahau Paulo. Katika 1 Wakorintho 6 anawakemea ndugu wanaopelekana mahakamani, na anauliza kwa nini wasikubali kudhulumiwa. Kesi ya ardhi inakula miaka na undugu unakufa. Heri nusu yenye amani.

Mleta mada: Sijamsahau. Sura hiyohiyo anauliza kama hakuna hata mmoja mwenye hekima wa kuamua kati ya ndugu, kisha anawageukia wanaodhulumu. Aliyedhulumiwa akisamehe kwa hiari yake, Mungu ambariki. Mzee hana ruhusa ya kusamehe kwa ardhi ya mjane.

Mchangiaji wa 2: Na kwenye ndoa? Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa kawaida inataka mgogoro upite baraza la usuluhishi kabla ya shauri la talaka, na dini zinaweza kuwa na mabaraza yake. Kwa hiyo kanisa lina nafasi yake.

Mleta mada: Nafasi linayo, na mimi siipingi. Ila mke akija na jicho limevimba, hilo si la kushuka kidogo. Aende polisi na hospitali kwanza, wazee wamsindikize. Paulo mwenyewe alipoona haki yake inapotea alikata rufani kwa Kaisari (Matendo 25). Sasa nawauliza wote, hasa mlio wazee: huko kwenu, kabla ya kuamua, mnakwenda kuona mpaka? Mnawahoji majirani?