Mjadala: Je, Agano Jipya lina ratiba moja ya mwisho wa dunia?

Ndugu wasomaji, hoja ninayoileta ni kwamba Agano Jipya halina ratiba moja ya mwisho wa dunia, na kwamba kila anayedai kuipata hulazimika kuzinyamazia baadhi ya aya. Nasema haya nikiwa Mkristo ninayeungoja ujio wa Bwana.

Katika Marko 13:30 Yesu anasema kizazi hiki hakitapita kabla hayo yote hayajatimia, kisha katika aya ya 32 anasema siku ile hakuna aijuaye, wala Mwana, ila Baba. Hapo sioni mgongano, kwa sababu mtu anaweza kujua kwamba jambo li karibu pasipo kuijua saa yake. Ugumu uko kwenye "hayo yote". Wapo wanaojibu kwamba yalitimia mwaka 70, majeshi ya Warumi chini ya Tito yalipoliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Lakini sura hiyohiyo, aya ya 24 hadi 27, inataja jua kutiwa giza na Mwana wa Adamu kuja mawinguni kuwakusanya wateule, mambo ambayo kizazi kile hakikuyaona.

Mgongano ulio wazi zaidi uko katika barua mbili kwa Wathesalonike. Katika ya kwanza, waumini wanawalilia wenzao waliofariki kabla ya Bwana kurudi, na Paulo anawafariji akisema "sisi tulio hai", kana kwamba anatarajia kuwapo. Anaongeza kwamba siku hiyo itakuja kama mwizi usiku, wakati watu wakisema kuna amani. Katika ya pili, sura ya 2, waumini wanaambiwa wasifadhaishwe hata na barua inayodaiwa kutoka kwa mitume, kwa maana siku hiyo haiji mpaka kwanza utokee uasi na afunuliwe mtu wa kuasi, atakayeketi hekaluni akijitangaza kuwa Mungu. Mwizi hatangulizi tarumbeta. Wataalamu wengi wa Biblia hutilia shaka kwamba Paulo ndiye aliyeiandika barua ya pili, na tofauti hii ni mojawapo ya sababu zao. Mimi naona inawezekana mchungaji yuleyule akawaamsha waliolala na baadaye akawatuliza waliopagawa, ila hilo likikubaliwa, aya hizo zinakuwa maneno ya kichungaji kwa watu wenye hali tofauti, na kuzipanga kama kalenda ni kuzilazimisha.

Waliozilazimisha tunawajua. William Miller, mhubiri wa karne ya 19, alikokotoa miaka kutoka kitabu cha Danieli, na wafuasi wake nchini Marekani wakangoja Yesu arudi tarehe 22 Oktoba 1844, wakangoja bure. Kwetu madhara yamekuwa makubwa kuliko aibu: Kanungu, Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi lililotabiri mwisho wa dunia waliteketea kanisani mwezi Machi 2000, na Shakahola, Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, wengi wakiwa wamekufa kwa mfungo walioaminishwa kwamba utawafikisha kwa Yesu. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba kuuzungumzia mgongano huu kunawadhoofisha waumini wachanga.

Anayeshikilia kwamba hakuna mgongano wowote, namwomba aanze na Wathesalonike: ikiwa ishara zitatangulia na kuonekana na wote, ni kwa namna gani siku hiyo itawajia watu ghafla, wakiwa katikati ya kusema amani?