Karatasi za ukutani kwenye nyumba ya pwani: ukuta upi, aina gani, roli ngapi?

MamaTausi_KGB aliuliza:

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa mafundi na wote wenye ujuzi wa karatasi za ukutani (wolpepa). Naona zimerudi kwa kasi, sebule nyingi mpya zina ukuta mmoja wa maua au wa marumaru nyuma ya TV, na mimi nataka huo mmoja tu.

Nyumba iko Kigamboni. Ukuta una upana wa mita 4.20, kimo mita 3.20 hadi kwenye dari. Ni tofali za saruji, lipu, skimingi ya jipsamu, halafu rangi ya maji ya silki. Ni ukuta wa nje, upande wa pili ni ua uliowekwa pevingi. AC imefungwa karibu yake na huwa tunaiweka 20. Chini, kama sentimita 40 kutoka sakafuni, rangi imeanza kubanduka na kuna ungaunga mweupe.

Muuzaji wa Kariakoo amesema roli 3 zinatosha kwa sababu roli moja inafunika mita za mraba 5.3. Ua la karatasi niliyoipenda linajirudia kila sentimita 64. Zipo pia za stika kwa bei ya chini zaidi. Je, hizo roli 3 zitatosha? Na hiyo sehemu ya chini nikikwangua na kupaka rangi upya, naweza kubandika moja kwa moja?

FundiUnyevu alijibu:

Dada, hapana. Huo ukuta usibandike chochote kwa sasa.

Ungaunga huo ni chumvi. Maji yanapanda kutoka kwenye msingi, yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye tofali, saruji na mchanga, na yakifika usoni yanakauka na kuiacha hapo. Chumvi ikiganda nyuma ya rangi inavimba na kuisukuma rangi itoke. Ukikwangua na kupaka upya umeondoa dalili, maji bado yanapanda. Ukifunika na karatasi ya vinaili ndiyo mbaya zaidi: maji yakikosa pa kukaukia hupanda juu kutafuta njia, na alama ya sentimita 40 itasogea. Gundi ya wanga ikikaa kwenye unyevu huo inaota ukungu mweusi ambao utauona siku karatasi inapoanza kujikunja pembeni.

Hakikisha kwanza. Chukua nailoni angavu ya sentimita 50 kwa 50, ibandike ukutani kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, zima AC na uiache saa 48. Umande ukiwa upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukiwa upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa tu.

Halafu toka nje uangalie pevingi. Mara nyingi nailoni ya msingi (ile inayozuia maji yasipande ukutani) ipo salama kabisa, ila ua umepandishwa baadaye hadi ukaifunika, kwa hiyo maji ya mvua yanaingia juu yake. Uso wa ua unatakiwa uwe chini ya nailoni hiyo kwa sentimita 15 angalau. Shusha pevingi kando ya ukuta kwanza. Ndani, bandua lipu hadi sentimita 30 juu ya alama ya mwisho ya chumvi, acha tofali zikauke, piga lipu mpya yenye dawa ya kuzuia maji, na isubiri wiki 4 kabla ya skimingi. Chumvi iondoe kwa brashi kavu. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani.

Sasa jambo la pili, na hili linawaumiza watu wengi wa pwani hata wenye kuta zisizo na chumvi. Hewa ya Dar ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, umande unaanza kutua kwenye kitu chochote chenye nyuzi 26 kushuka chini. AC yako iko 20, kwa hiyo uso wa ndani wa ukuta unaweza kuwa nyuzi 22 au 23. Mvuke wa nje unapenya tofali na lipu polepole ukielekea ndani. Ukuta wa rangi ya maji unauruhusu uingie chumbani, na AC inauondoa. Vinaili ni plastiki, haiupitishi. Mvuke unafika mgongoni mwa karatasi, unakuta baridi, unageuka maji palepale. Utaona madoa ya waridi au ya zambarau yakitokeza kwenye maua. Huo ni ukungu ulioko nyuma, na hakuna kitambaa kitakachoyafuta.

Kwa hiyo kwenye nyumba ya pwani yenye AC, weka karatasi kwenye ukuta wa ndani unaotenganisha vyumba, na chagua aina inayopumua. Kama ukuta huo umepakana na bafu, usiutumie kabla ya kupima na ile nailoni upande wa bomba.

KipimoSawa alijibu:

Naongezea upande wa hesabu, maana muuzaji amehesabu kama anayeuza rangi. Karatasi huhesabiwa kwa vipande.

Roli ya kawaida ya Ulaya ina upana wa sm 53 na urefu wa mita 10.05. Gawanya 420 kwa 53, unapata 7.9, kwa hiyo vipande 8. Kimo ni 320, ongeza sm 10 za kukata juu na chini, inakuwa 330. Kama karatasi haina ua la kulinganisha, roli moja inatoa vipande 3 (mita 9.90) na roli 3 zinakupa vipande 9. Muuzaji angekuwa sahihi.

Lakini ua lako linajirudia kila sm 64. Ili kipande cha pili kilingane na cha kwanza, lazima kila kimoja kianzie sehemu ileile ya ua. Marudio 5 ni sm 320, hayafiki 330, kwa hiyo unakata kwa marudio 6, yaani sm 384. Kwenye mita 10.05 vinatoka vipande 2 tu. Vipande 8 ni roli 4. Ungenunua 3 ungepungukiwa vipande 2, na ukirudi dukani unaweza kukuta toleo jingine la uchapaji. Angalia namba ya toleo kwenye lebo ya kila roli: zote 4 ziwe na namba moja, la sivyo rangi zitatofautiana ukutani hata kama mkononi zinaonekana sawa.

Angalia pia mchoro wa mishale kwenye lebo. Mishale ikielekeana kwa usawa, ua linalingana moja kwa moja na hesabu hii inasimama. Mmoja ukiwa juu ya mwingine, kila kipande kinashuka nusu ya marudio, na hapo ni bora kukata vipande vya 1, 3, 5, 7 kutoka roli mbili na vya 2, 4, 6, 8 kutoka mbili nyingine.

Zipo roli pana za Korea, sm 106 kwa mita 15.6. Kwenye ukuta wako moja inatoa vipande 4, jumla upana wa sm 424. Inatosha kwa karatasi, ila unabaki na ziada ya sm 4 tu na hakuna kipande cha akiba. Kipande cha zaidi ya mita moja kilicholowa gundi kinahitaji watu wawili.

MamaTausi_KGB:

Asanteni sana. Ukuta wa mkabala una upana uleule, ni wa ndani, nyuma yake ni chumba cha kulala na hauna dalili ya chumvi. TV naweza kuihamisha. Niombe sasa hatua za kubandika, na aina gani ninunue.

Mwembetayari_Dekor alijibu:

Vyema, huo ndio ukuta. Nunua ile inayoitwa nonwoveni, yenye mgongo wa nyuzi zilizogandamizwa na uso wa karatasi, si uso mzito wa plastiki. Nonwoveni imerahisisha kazi. Karatasi za zamani zilipakwa gundi mgongoni, zikaachwa zilowe, zikatanuka, na ukizibandika kabla ya muda wake zinafanya mapovu. Nonwoveni haitanuki: gundi inapakwa ukutani na karatasi inawekwa kavu. Siku ukiichoka unashika pembe ya chini na kuivuta, inatoka kipande kizima bila kulowesha ukuta.

Maandalizi ndiyo kazi yenyewe. Rangi ya silki inateleza, gundi haiishiki. Piga msasa namba 120 mpaka mng'ao wote uishe, pangusa vumbi. Kisha chora X kwa wembe kwenye rangi, bandika tepu pana juu yake, ivute kwa nguvu. Ikiondoka na skimingi, hiyo skimingi ni dhaifu na karatasi itaing'oa vilevile ikianza kukauka. Kwangua sehemu hiyo urudie. Ziba matundu, kisha paka praima ya akriliki mkono mmoja na usubiri saa 24. Usiruke praima. Jipsamu iliyo wazi inanyonya maji ya gundi kabla haijashika, na kingo za karatasi zinabaki kavu. Nonwoveni nyepesi huonyesha kilichoko nyuma, kwa hiyo ukuta wote uwe rangi moja nyeupe. Mabaka yataonekana.

Usianzie kwenye kona. Kona za nyumba zetu ni nadra kuwa wima. Pima upana juu, katikati na chini. Kama pote ni 420 au pungufu, weka alama kwenye 210 na ushushe timazi kutoka darini. Vipande viwili vya kwanza vikutane kwenye mstari huo, mmoja kulia na mwingine kushoto. Vipande 4 kila upande ni sm 212, kwa hiyo utakata sm 2 kwenye kila kona na ua litakaa sawasawa pande zote mbili. Kiungo cha katikati kitajificha nyuma ya TV. Kona ikiwa imelala zaidi ya hizo sm 2, utabaki na ufa mwembamba, na hapo ongeza roli moja.

Gundi ya unga: maji safi kwanza kwenye ndoo, kwa kipimo cha paketi, kisha nyunyiza unga huku unakoroga. Ukimwaga maji juu ya unga yanatokea madonge. Iache kama dakika 20, koroga tena. Chagua iliyoandikwa ni ya nonwoveni na yenye dawa ya kuzuia ukungu. Paka ukutani kwa rola upana wa sm 60, pembeni kwa brashi. Paka ya kipande kimoja tu kwa wakati.

Bandika kuanzia juu ukiacha sm 5 za ziada darini, lainisha kutoka katikati kwenda kingoni. Kipande cha pili kikutane na cha kwanza ukingo kwa ukingo, kisipande juu yake. Gundi ikigusa uso wa karatasi ifute papo hapo kwa sponji safi yenye unyevu kidogo; ikikauka inaacha mng'ao usiotoka. Kukata darini na kwenye skatingi tumia wembe mpya kila kipande, kwa sababu wembe butu unaburura karatasi iliyolowa na kuichana.

Kwenye soketi, zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kufungua kifuniko. Pitisha karatasi juu, kata X, punguza ndani ya kisanduku, rudisha kifuniko baada ya kukauka.

Kisha jambo linaloharibu kazi nyingi nzuri: feni. Watu wakimaliza wanawasha feni na AC ili ikauke haraka. Gundi ikikauka upesi haishiki vizuri na viungo vinafunguka. Zima vyote, funga madirisha, acha saa 48.

KipimoSawa:

Kuhusu za stika, usizitie sebuleni. Nyingi ni PVC yenye upana wa sm 45. Plastiki hiyo husinyaa polepole kwenye joto, viungo vinafunguka milimita moja au mbili, na gundi inayobaki wazi pale inakusanya vumbi na kuwa mstari mweusi. Ukiibandua kwenye skimingi ya jipsamu inaondoka na skimingi. Mahali pake ni mlango wa kabati au droo, uso mgumu na laini. Jikoni karibu na jiko la gesi usiweke stika wala zile bodi za povu zenye mfano wa tofali. Vyote vinashika moto.

MamaTausi_KGB:

Swali la mwisho. Breketi ya TV nifunge kabla au baada?

Mwembetayari_Dekor:

Toboa na uingize plagi za ukutani kabla, na waya upitishwe ndani ya ukuta kabla ya skimingi na praima. Kwenye kila plagi chomeka kijiti cha kiberiti kilichokatwa kichwa, kitokeze milimita 5. Unapolainisha karatasi kijiti kinatoboa chenyewe na hupotezi tundu. Breketi funga baada ya zile saa 48, ukiweka kipande cha kadibodi nyuma yake unapokaza ili chuma kisisage karatasi mbichi.

Kila roli itakubakizia kama mita 2.4. Zikunje kwa mviringo, si kwa kukunja bapa, na uandike namba ya toleo. Kiraka cha baadaye kitatoka hapo.