Taa za breki haziwaki, gia imekwama P

Dereva wa Umoja: Wakuu, taa zote 3 za breki zimezima, na gia ya otomatiki haitoki P (ya kuegesha) hata nikikanyaga breki. Fundi wa Kirinyaga Road anataka kubadilisha nyaya zote za nyuma. Asubuhi matatu nusura inipande mgongoni!

Mzee wa Spana: Balbu 3 haziungui kwa mpigo, ndugu. Huyo fundi ana njaa. Fyuzi ikiwa nzima, shuku swichi ya breki. Inama na tochi juu ya pedali: kidude cha plastiki chenye kipini kinachoingia na kutoka. Kama ina nyaya mbili tu, chomoa soketi, uziunganishe kwa kipande cha waya. Taa zikiwaka, swichi imekufa, na ndiyo inayofunga gia.

Mama Teksi: Zikiwa nne usiunganishe kwa kubahatisha, pima kwanza volti 12 iko wapi.

Dereva wa Umoja: Zimewaka! Swichi ya zamani shaba yake ndani ni nyeusi tii. Nimefunga nyingine, gia inatoka, ila sasa taa hazizimi.

Mzee wa Spana: Isogeze karibu na pedali, kipini kibonyezwe mguu ukiwa umeinuka, kisha kaza nati. Fanya leo, la sivyo kesho betri imelala.