Matangazo yao yanapita, vikumbusho vyangu vya kalenda havipiti. Hii simu nimeuziwa ya nini?

Wadau, nimekasirika na sitazunguka. Simu yangu haionyeshi vikumbusho vya kalenda kwenye skrini iliyofungwa. Kalenda iko, matukio yamo, saa ya simu iko sawa, kila tukio nimeliwekea kikumbusho. Wakati ukifika, kimya. Hailii, haitetemi, hakuna mstari hata mmoja kwenye kioo. Nikiichukua na kuifungua ndipo vinaporomoka vyote kwa mpigo, na cha mwanzo kimeandikwa kwamba ni cha saa mbili zilizopita.

Kabla hamjaniambia "si uweke alamu tu", nieleze kazi yangu. Niko Lamu, napanga safari za boti ya abiria na mizigo inayotoka Amu, yaani mji wa Lamu, kwenda Mtangawanda, kisiwa cha Pate. Wenyeji mnaijua njia. Inapita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, mikoko huku na huku. Maji yakijaa boti inapita bila taabu. Yakitoka panabaki tope, na boti iliyochelewa ama ikwame humo ama ingoje maji yarudi. Kupita nje ya Manda na abiria, hasa wakati wa upepo wa kusi, ni habari nyingine kabisa, wala nahodha wetu hataki kuisikia.

Sasa maji hayajai saa ile ile kila siku. Yanasogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo boti iliyoondoka leo saa moja asubuhi kesho itaondoka karibu na saa mbili, na baada ya wiki, saa ile iliyokuwa ya maji kujaa ndiyo inakuwa ya maji kupwa. Alamu ya kila siku itanifaa nini? Ndiyo maana nachukua jedwali la maji la Halmashauri ya Bandari, naingiza safari za mwezi mzima kwenye kalenda, na kila safari naipa vikumbusho viwili: kimoja cha kuwapigia abiria, kingine cha kumpigia nahodha. Hii ndiyo kazi ambayo kalenda ya simu ilitengenezewa. Sijaiomba simu ifanye muujiza.

Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tulikuwa na safari ya alfajiri. Simu niliilaza mezani usiku, chaji imejaa, sauti juu kabisa. Kilichoniamsha si kikumbusho, ni nahodha mwenyewe akipiga kutoka gatini: "Mwanangu, abiria wako wapi? Maji yashaanza kutoka." Nikamwambia, "Ami, simu haikulia." Akanyamaza, na najua hakuniamini. Kuna mama wa Siyu alikuwa ametoka hospitali na mtoto mdogo, analala kwa watu mtaa wa Langoni akingoja simu yangu tu. Alikaa siku nzima mpaka maji ya jioni. Watu wa unga na saruji nao wakahamishia mizigo yao boti nyingine, na wana haki.

Lakini kilichonitoa machozi ya hasira ni hiki. Nilipoikata simu ya nahodha nikaangalia kioo kabla ya kukifungua. Palikuwa na arifa moja tu, ya duka la programu la kampuni hiyo hiyo iliyotengeneza simu, ikinikaribisha kupakua mandhari mapya ya skrini. Hiyo ilipita, usiku, ikajiweka kati kati ya kioo. Safari ya watu imezuiwa, tangazo limepita! Kwa hiyo msiniambie simu "haina uwezo" wa kuonyesha kitu ikiwa imefungwa. Uwezo inao, imechagua ni nani wa kumpa.

Nikaenda duka lililoniuzia. Kijana akaingiza tukio la dakika mbili mbele, kikumbusho kikalia vizuri, akanirudishia: "Bosi, simu nzima kabisa hii." Ndiyo, mchana, mkononi mwake, skrini ikiwaka, italia! Nitaeleza hapo chini kwa nini jaribio hilo halina maana. Nikaandikia huduma kwa wateja ya kampuni. Jibu: futa kashe, kisha rejesha simu kama ilivyotoka kiwandani. Hebu fikirini. Setingi zinazoua vikumbusho ndizo hizo hizo ilizotoka nazo kiwandani. Unaniambia nifute picha na namba zangu zote nirudishiwe ugonjwa ule ule ukiwa mpya.

Basi nikakaa nikaichimba mwenyewe na nilichokipata naandika hapa, maana najua siko peke yangu.

Kitu cha kwanza kipo kwenye Mipangilio, upande wa Arifa, palipoandikwa arifa kwenye skrini iliyofungwa. Unaweza kuonyesha zote, kuficha zilizo nyeti, au kutoonyesha chochote. Yangu ilikuwa kwenye kuonyesha zote, na hapo wengi wataishia na kuridhika. Shukeni chini. Kuna swichi nyingine ya kuficha arifa za kimya simu ikiwa imefungwa, na hiyo ilikuwa imewashwa. Sasa tokeni hapo, ingieni kwenye kalenda yenyewe. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, arifa za programu moja hugawanywa katika makundi, na kila kundi lina setingi yake. Programu yangu ya kalenda imeruhusiwa kutuma arifa, swichi kubwa ya juu inawaka. Kundi la vikumbusho, ambalo huwezi kuliona mpaka uingie ndani zaidi, limewekwa Kimya. Yaunganisheni hayo mawili: kikumbusho kimehesabiwa kuwa cha kimya, na vya kimya vinafichwa. Mtu akikagua juu juu anaona kila kitu kimewashwa, na bado hakuna kinachotokea. Nani alifanya hivyo? Mimi sikugusa. Simu ilikuja hivyo.

Nikabadilisha kundi hilo liwe la kutoa sauti, nikazima ile swichi ya kuficha. Vikaanza kuonekana mchana. Alfajiri, bado.

Hapo ndipo unapofika kwenye betri, na ndiko kwenye uovu wenyewe. Android 6 ya mwaka 2015 ilileta utaratibu wa kuzilaza programu simu ikiwa haiko kwenye chaji, skrini imezimwa, na imetulia mahali pamoja bila kuguswa. Programu zinapewa vipindi vifupi vya kuamka kufanya kazi zao, halafu zinalazwa tena. Kadiri simu inavyotulia ndivyo vipindi hivyo vinavyozidi kuachana. Sikatai, betri inadumu, na waliotunga utaratibu huo waliacha mlango maalumu kwa kazi zinazotakiwa kutokea kwa wakati kamili. Someni tena hizo hali tatu: nje ya chaji, skrini imezimwa, imetulia. Hiyo ni simu ya mtu aliyelala! Ndiyo maana jaribio la kijana wa dukani halionyeshi chochote: simu iko mkononi, kioo kinawaka, hakuna kilicholazwa. Na ndiyo maana vikumbusho vyangu vinamwagika kwa pamoja nikiishika, kwa sababu ndio wakati programu inapoamshwa.

Juu ya utaratibu huo wa Android, kampuni ya simu yangu ikapandisha meneja wake wa betri, mkali zaidi, na ule mlango maalumu ikaufunga. Kwa kila programu kuna chaguo tatu: isiyo na vikwazo, iliyoboreshwa, na yenye vikwazo. Kalenda yangu ilikuwa kwenye yenye vikwazo. Kalenda! Duka lao la mandhari, nililikagua, halina vikwazo, na kitufe cha kulibadilisha kimefifishwa hakibonyezeki.

Kisha kuna ruhusa ya programu kujiwasha yenyewe, ambayo kampuni kadhaa zimeibuni na kuificha kwenye programu zao za "usalama" wa simu. Hii ni muhimu sana kwetu huku, kwa sababu simu huzimika, chaji inaisha mtu yuko safarini, anaichaji akifika. Simu ikizimwa, alamu zote ambazo programu ilikuwa imeziagiza hufutika. Ikiwaka, programu inatakiwa iamke kidogo iziagize upya. Ikiwa imenyimwa ruhusa ya kujiwasha, haiamki, na vikumbusho vyako vyote vimekufa mpaka siku utakapoifungua kalenda kwa mkono. Hakuna ujumbe wa kukuambia hivyo. Na kile kitufe cha kusafisha programu zote mara moja, kwenye baadhi ya simu kinazisimamisha kwa nguvu, na programu iliyosimamishwa kwa nguvu hupoteza alamu zake vile vile. Acheni kukibonyeza.

Wenye simu mpya nao wana lao. Kuanzia Android 13 ya 2022, programu mpya lazima ikuombe ruhusa ndipo itume arifa yoyote. Ukibonyeza hapana kwa haraka, basi. Na kuna ruhusa ya kengele na vikumbusho, iliyoanza na Android 12, inayoamua kama programu inaweza kulia kwa dakika kamili. Kwenye Android 14 ya 2023, programu nyingi mpya unazopakua huanza zikiwa hazina ruhusa hiyo. Programu ambazo kazi yake ni kalenda au saa zimewekewa njia ya kuipata bila kukuuliza, ila si kila mtengenezaji ameitumia. Ipo ndani ya Mipangilio, kwenye programu, sehemu ya ruhusa maalumu. Na hali ya Usinisumbue ina orodha yake ya vinavyoruhusiwa kupita, ambamo matukio ya kalenda yana swichi yake mbali na ya alamu.

Hesabuni wenyewe ni milango mingapi, imetawanywa sehemu ngapi, na ukisahau mmoja ile mingine yote haina kazi. Nani atamtegemea muuguzi wa hospitali ya Faza, au mwalimu, au mvuvi, ajue yote haya ili simu imkumbushe saa?

Mtu atasema ni mambo madogo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na alichokinunua. Boksi la simu yangu limeandikwa kwa herufi kubwa jinsi betri inavyodumu. Halikuandika kwamba inadumu kwa kunyamazisha kalenda. Hiyo ni habari niliyostahili kupewa kabla sijatoa pesa, na ninaidai sasa: kalenda iliyokuja na simu iachwe bila vikwazo tangu kiwandani, kikumbusho kihesabiwe sawa na alamu, na simu inapozuia kikumbusho iseme wazi kwamba imekizuia na imekizuia wapi.

NYONGEZA: Asanteni kwa majibu. Dada wa Malindi aliyeuliza kama kubadilisha programu ya kalenda kutasaidia: kama tatizo ni meneja wa betri, programu mpya nayo italazwa vile vile mpaka uitoe kwenye vikwazo, kwa hiyo anza na betri. Anayetumia iPhone, wewe angalia ule muhtasari wa arifa uliokuja na iOS 15 mwaka 2021. Kama kalenda umeiweka humo, arifa zake zinaweza kukusanywa na kuletwa kwa saa zilizopangwa.

Kwa yule bwana aliyeandika kwamba "mtu wa Lamu angetazama mwezi tu": mwezi tunautazama, na bamvua tunaijua bila simu. Mwezi haunipigii abiria thelathini.

NYONGEZA YA PILI, na hapa hasira imerudi upya. Baada ya kufungua yote niliyoyataja, vikumbusho vilifanya kazi, alfajiri vikalia, safari zikaenda. Jana simu imejisasisha. Leo nimekagua: kalenda imerudishwa kwenye yenye vikwazo, na ruhusa ya kujiwasha imezimwa. Sikuulizwa na sikuarifiwa. Kwa hiyo kila baada ya sasisho rudini mkague sehemu hizo mbili kwanza, kisha muijaribu usiku na si mchana: ingiza tukio la saa mbili au tatu mbele, itoe simu kwenye chaji, ilaze mezani, usiiguse mpaka saa ifike.

Na walio na Android 14 au ya baadaye, tafadhali ingieni kwenye ile ruhusa ya kengele na vikumbusho, kisha mwandike hapa chini kama kalenda mliikuta imeruhusiwa au imezimwa, na kama simu ilikuja nayo au mliipakua wenyewe. Nakusanya majibu niyatume kwa kampuni pamoja na picha ya kioo changu cha alfajiri ile.