WATOTO WA PONGWE 🌴 (kikundi cha familia, Jumamosi)

05:52 Da Zuhura: Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba kila mtu asome mpaka mwisho, msikimbilie kuweka dole gumba. Mariamu jana jioni kaanguka gengeni kwake Barabara ya 9, karai la mihogo liko motoni. Mungu kamstiri, kaangukia upande wa ndoo. Wakamkimbiza zahanati ya karibu wakampima wingi wa damu. 7.2. SABA NUKTA MBILI.

05:54 Da Zuhura: Leo hii nataka vitu vitatu. Mtu wa kwenda naye hospitali ya Bombo Jumatatu. Mtu wa kukaa na Faridi na mdogo wake. Mchango. "Tuko pamoja" siitaki.

06:30 Shangazi Rukia: 🌹🌹 JUMAMOSI NJEMA YENYE BARAKA 🌹🌹

06:31 Da Zuhura: Shangazi shikamoo. Soma hapo juu.

06:44 Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Amina.

07:10 Da Zuhura: Waliosoma 14. Aliyejibu mmoja, naye kajibu shikamoo.

07:15 Shafii: Da Zuhura unatuhesabu kama mtu wa marejesho 😂

07:16 Shafii: Pole yake da Mariamu. Mimi niko kijiweni toka alfajiri, abiria hakuna, ila dua naomba.

07:17 Da Zuhura: Dua tunazo. Nauli?

07:40 Mjomba Athumani: Hiyo damu isiwatie kiwewe. Achume matembele machanga, ayasage, achuje, anywe glasi asubuhi na glasi jioni. Siku saba tu damu imepanda. Au rozela. Sisi tulikuzwa hivyo. Na kikubwa ni mawazo. Wanawake wa siku hizi mnawaza mno.

07:43 Shafii: Mjomba hiyo rozela itiwe barafu na iliki, halafu jagi lipitishwe na huku kijiweni tupimwe wote

07:45 Wifi Khadija: Na bitiruti inasaidia

07:46 Shafii: Na maini. Kama dawa ni maini, wagonjwa tuko wengi. Kilo bei gani siku hizi?

07:47 Wifi Khadija: Shafii wewe 😂😂😂

07:58 Da Zuhura: Chekeni. Mtu kaanguka mbele ya mafuta ya moto, nyinyi mnaulizana bei ya maini.

08:20 Mama Faridi: Jamani sijafa. Nilikuwa sijala tu. Da Zuhura nilikuomba usiliweke huku.

08:21 Da Zuhura: Nimeliweka. Kalale.

09:26 Nassoro Muscat: Ndo natoka zamu. Pole sana dada yangu. Mchango kiasi gani na zinapokelewa na nani? Nauliza mapema.

09:28 Da Zuhura: Elfu thelathini kila mtu, mwenye zaidi alete zaidi. Zije kwangu.

09:29 Nassoro Muscat: Kwako kama zile za minazi?

09:33 Da Zuhura: Nassoro, yale yaliisha kwa Baba Mkubwa na wewe ukiwa kwenye simu unasikia.

09:34 Nassoro Muscat: Yaliisha kwenu. Mimi karatasi sijaiona mpaka leo.

09:34 Wifi Khadija: Jamani asubuhi yote hii

09:36 Nassoro Muscat: Nitatoa, sijakataa. Namtumia Mariamu kwenye namba yake mwenyewe.

09:37 Da Zuhura: Ukiitia kwenye simu yake haitalala.

09:37 Nassoro Muscat: Kivipi haitalala?

09:38 Da Zuhura: Waulize walioko Tanga.

09:40 Shafii: Nassoro huko Muscat maini ya ngamia yapo? 😂

09:41 Shafii: Ujumbe huu umefutwa

09:41 Da Zuhura: Umefuta nini?

09:55 Da Zuhura: Shafii.

11:02 Halima Nesi: Asalaam alaykum. Nimeshuka zamu ya usiku, nimeoga nimekaa. Nimesoma yote. Mniache niandike kwanza.

11:06 Halima Nesi: Mwanamke asiye na mimba damu yake inatakiwa ianzie 12. Chini ya 8 tunaiita upungufu mkali. Kwa hiyo 7.2 si ya kusubiri siku saba za matembele. Mjomba shikamoo, naomba radhi.

11:07 Mjomba Athumani: Marahaba. Endelea.

11:10 Halima Nesi: Bila madini ya chuma mwili hautengenezi hemoglobini, na hiyo ndiyo inayobeba hewa ya oksijeni. Ikipungua moyo unasukuma mbio kufidia. Ndo maana akipanda ngazi tatu anahema, anasikia kifua kinadunda, akiinuka ghafla kunaingia giza. Mariamu uko hewani?

11:11 Mama Faridi: Niko

11:11 Halima Nesi: Vuta kope la chini upige picha. Na kucha.

11:16 Mama Faridi: 📷 Picha

11:16 Mama Faridi: 📷 Picha

11:18 Halima Nesi: Hiyo kope ndani ingekuwa nyekundu, ona ilivyopauka. Na kucha cha dole gumba kimebonyea katikati, ukidondoshea tone la maji linatuama. Hii si ya jana wala ya wiki iliyopita, chuma kimeisha muda mrefu. Nywele zinakatika?

11:19 Mama Faridi: Zinatoka na kitana

11:19 Halima Nesi: Udongo unakula?

11:24 Mama Faridi: Kidogo

11:24 Halima Nesi: Kidogo cha shilingi ngapi?

11:27 Mama Faridi: Vya mia mia. Kama vitano. Siku nyingine vinane.

11:28 Wifi Khadija: Kwa siku??

11:29 Halima Nesi: Msimshangae. Mwili uliopungukiwa chuma mara nyingi ndio unaotamani udongo, na udongo wenyewe unazuia chuma kuingia. Juu ya hapo unaweza kukuletea minyoo. Mchana unakula nini?

11:31 Mama Faridi: Muhogo uliobaki na chai ya rangi. Chai ndo inanishikilia.

11:33 Halima Nesi: Chai nayo ikinywewa na chakula inakishika chuma kwenye utumbo kisifyonzwe. Iache mpaka ipite saa moja au mbili. Na chakula shushia chungwa, au kamulia ndimu kwenye mboga.

11:35 Halima Nesi: Matembele ale kama mboga, si vibaya, ila chuma cha majani mwili unakichukua kidogo sana. Atie na dagaa. Maini Shafii alitania lakini ni kweli, chuma cha nyama ndicho kinachoingia kirahisi. Rozela anywe akipenda, haitaitoa 7 kuipeleka 12.

11:36 Mjomba Athumani: Na mawazo je? Mawazo umeyaruka.

11:44 Halima Nesi: Sijayaruka Mjomba, hapo umesema kweli nusu. Mawazo hayanyonyi damu. Lakini mtu akiishi na hofu kila siku, mwili unamwaga homoni za hofu, adrenalini na kotisoli. Zimeumbwa za kukusaidia ukimbie mbwa, yakaisha. Zikikaa miezi, usingizi unapotea, hamu ya chakula inaondoka au inavurugika, tumbo linawaka, presha inaweza kupanda, kinga inalegea, hata hedhi inabadilika. Sasa mtu halali, hali, anajipoza kwa chai na udongo. Damu itatoka wapi?

11:46 Halima Nesi: Na kinyume chake pia. Chuma kikiisha mtu anachoka, anakosa raha, moyo unaenda mbio mpaka anajiona ana hofu. Nyumbani mnasema ni mawazo tu, hamumpimi.

11:47 Halima Nesi: Si yeye peke yake. Utafiti wa taifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 kwa kila 100 wa miaka 15 mpaka 49 wana upungufu wa damu. Humu ndani tukipimwa tutatajana.

11:50 Wifi Khadija: Mimi udongo niliacha nilipojifungua tu 🙈

11:52 Shafii: Dada Halima na sisi wanaume tunaokula vumbi la barabarani?

11:52 Halima Nesi: Shafii nina usingizi.

11:55 Da Zuhura: Kwa hiyo vidonge vya damu anunue leo dukani?

11:59 Halima Nesi: Vidonge atapewa, ila vidonge bila kujua damu inaenda wapi ni kujaza ndoo iliyotoboka. Bombo wampime choo waone kama ana minyoo ya safura, wampime malaria, waulize hedhi inatoka kiasi gani na siku ngapi. Kama ni ya kuongezewa damu daktari ataamua. Akianza vidonge choo kitakuwa cheusi, asiogope, na asimeze na chai wala maziwa. Damu ikirudi sawa bado anaendelea kama miezi mitatu ili akiba ijae. Wengi wanaacha wakipata nguvu. Nalala.

12:01 Da Zuhura: Ahsante mdogo wangu. Haya. Nani Bombo Jumatatu?

13:20 Da Zuhura: Nani Bombo Jumatatu.

14:05 Mjomba Athumani: 🔁 Imesambazwa mara nyingi: FAIDA 27 ZA MBEGU ZA PAPAI

14:06 Da Zuhura: Mjomba tafadhali.

15:48 Saumu: Bibi kanipa ujumbe wa sauti, dakika nne. Kasema niiandike kwa sababu wengine mtasema hamna bando. Naandika kama alivyosema.

15:55 Saumu: "Nimesomewa. Zuhura, umefanya vyema kusema, lakini unapiga kelele. Athumani, matembele nilikulisha mimi, na samaki nilikupa, na kuku akichinjwa paja lilikuwa lako. Usiwadanganye watoto kwamba ulikua kwa majani. Mariamu alikuja hapa Idi. Nikampakulia pilau kwa mkono wangu. Nyama yote akaitoa, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, ya Faridi na mwenzake. Nikamuuliza, kanyamaza. Nikamuuliza tena, akalia. Huo mkopo wa kausha damu unaomfuata gengeni kila jioni umeandikwa jina lake, lakini pikipiki haipandi yeye. Anayeipanda yumo humu, tena toka asubuhi anacheka. Sitamtaja, nimemlea. Shafii, kesho baada ya alasiri uje hapa. Usije na zawadi."

15:56 Saumu: Mwisho wa maneno ya Bibi.

17:31 Wifi Khadija: 😳

17:40 Da Zuhura: Ndicho nilichokuwa nakisema asubuhi kwamba pesa haitalala.

17:41 Nassoro Muscat: Ulijua?

17:41 Da Zuhura: Nilihisi.

17:42 Nassoro Muscat: Ulijua, ukatutaka elfu thelathini thelathini tulipe mkopo wa Shafii.

17:43 Da Zuhura: Nilitaka apelekwe hospitali!!

18:02 Shafii: Shikamoo Bibi. Nitakuja.

18:10 Mama Faridi: Naomba mwacheni. Mwanzo alikuwa analeta elfu kumi na mbili kila siku, haikosi. Injini ilipokufa ndo ikakwama. Nilisema mwenyewe nitashikilia mpaka itengamae.

18:12 Nassoro Muscat: Imebaki ngapi?

18:15 Mama Faridi: 180,000. Na faini, inaongezeka.

18:16 Da Zuhura: Pikipiki iuzwe.

18:18 Mjomba Athumani: Ukiuza pikipiki atalipa na nini? Hapo Zuhura umekurupuka.

18:19 Da Zuhura: Basi Mjomba lipa wewe.

18:30 Mjomba Athumani: Hilo litazungumzwa kwa Bibi kesho, si humu.

19:47 Shafii: Jumatatu nitampeleka mimi Bombo. Saa moja asubuhi niko mlangoni kwake.

19:52 Halima Nesi: Nimeamka. Shafii, usimpakie pikipiki mtu anayeanguka. Chukueni bajaji. Na mwanamke mmoja awepo, kuna maswali hatajibu mbele yako.

19:53 Shafii: Sawa dada.

20:40 Nassoro Muscat: Nimetuma 100,000 kwa Halima. Za hospitali na chakula, si za mkopo. Halima naomba risiti zote.

20:43 Halima Nesi: Zimefika. Risiti utapata. Ila Jumatatu niko zamu Muheza, mimi siwezi kwenda naye.

20:44 Da Zuhura: Kumbe na mimi mngeniamini hata kidogo.

20:58 Shangazi Rukia: Watoto nawachukua mimi kesho magharibi. Nimesoma toka asubuhi, nilikuwa natafuta miwani nijibu vizuri. Mariamu mwanangu, na huo udongo ulionao ndani nipe niutupe.

20:59 Mama Faridi: Sawa Shangazi 😅

21:03 Da Zuhura: Ahsante Shangazi. Bado mwanamke wa kwenda Bombo. Khadija, uko Chumbageni hapo, ni karibu.

21:20 Da Zuhura: Khadija nakuona uko hewani.

21:41 Wifi Khadija: Jumatatu nina kikoba wifi. Ngoja nimuulize mwenyekiti, nitakujibu kesho.