Obi alimwacha Clara kwa sababu ya mama, halafu mama mwenyewe hakwenda kumzika. Sasa alimtii nani?

Wakuu habari za jioni. Nimekuja na mada ambayo imenikwama kooni tangu jana, na naomba tuijadili kwa utulivu japo mwenyewe najua nitapandisha.

Jana kuna mdau aliandika kwamba vijana wa siku hizi wangejifunza kwa Obi Okonkwo wa kwenye Hamkani si Shwari Tena (ile riwaya ya Chinua Achebe ya 1960, wengine mliisoma kwa Kiingereza), eti huyo ndo mfano wa mtoto anayejua thamani ya mama, mama kasema hapana na yeye akamwacha mwanamke. Watu wakashangilia kweli kweli, radhi ya mama, radhi ya mama. Mi sikubali.

Kwa ambao hamjasoma nawapa stori kwa kifupi. Obi ni kijana wa Umuofia huko Nigeria Mashariki. Chama cha watu wa kwao wanaoishi mjini kilimpa mkopo wa pauni 800 akasome Uingereza, walitaka asome sheria aje awatetee kwenye kesi zao za ardhi, yeye akaenda kusoma Kiingereza. Kwenye meli ya kurudi nyumbani anazoeana na Clara, nesi, na wakifika Lagos mapenzi yanakolea. Siku moja Clara analia, anamwambia mimi siwezi kuolewa na wewe, mimi ni osu.

Sasa osu ni nini. Kwa Waibo wa zamani mtu akishawekwa wakfu kwa mungu fulani anakuwa mali ya huyo mungu, yeye na kizazi chake chote, mtu huru haoani naye, hapewi cheo cha ukoo, hata nywele hanyoi. Ile miungu yenyewe watu walishaiacha zamani, makanisa yamejaa, lakini jina likabaki limewaganda wajukuu ambao hata hicho kibanda cha mungu hawajawahi kukiona. Bunge la Nigeria Mashariki lilipitisha sheria ya kufuta huo mfumo mwaka 1956. Sheria ikapita, ila kwenye posa na kwenye harusi watu wakaendelea kuulizana huyu ni mtoto wa nani.

Obi alipoambiwa alishtuka, ila kesho yake akaenda kununua pete ya pauni 20. Hapo nilimpenda. Rafiki yake Joseph akamwambia wewe umesoma lakini hili si jambo la vitabu, akambishia. Kwenye mkutano wa chama mwenyekiti akagusia habari za msichana wa ukoo usioeleweka, Obi akasimama akawaka, naweza kukupeleka mahakamani kwa hilo, hela zenu nitaanza kuwalipa mwisho wa mwezi huu, msiingilie mambo yangu, akatoka. Yaani mbele za watu alikuwa simba kabisa!

Halafu akaenda nyumbani kwa wazazi.

Na hapa ndo napotaka tukae kidogo maana wengi mnaruka haraka mnafika kwa mama mnamsahau baba. Baba yake Isaac ni katekista mstaafu. Anamjua baba wa Clara, anasema ni mtu mwema na Mkristo mkubwa, lakini ni osu. Obi anamwambia baba, sisi si Wakristo, mbele ya Mungu si wote sawa? Mzee anamletea habari za Naamani kwenye Biblia, mtu mkubwa, shujaa, ila ana ukoma, na osu ni kama ukoma kwenye macho ya watu wetu, usituletee alama hiyo nyumbani.

Jamani huyu Isaac ndo yule Nwoye, mtoto wa Okonkwo, wa kwenye Shujaa Okonkwo, riwaya ya Achebe iliyotangulia hii! Yule aliyemkimbia baba yake akaenda kwa wamisionari, na kanisa lile lile alilokimbilia ndo lililofungua mlango kwa osu wakati waumini wengine wanatishia kuondoka, mhubiri Kiaga akakataa kuwafukuza, akawaambia wanyoe zile nywele, wakanyoa na hakuna aliyekufa. Mtu aliyelaaniwa na babaake kwa kufuata imani, leo amezeeka anamwambia mwanae watu watatuonaje. Hii iliniuma kuliko hata ya mama. Manake mama hakuwahi kujifanya, mzee ndo aliyepita motoni akatokea upande wa pili halafu akajenga ukuta ule ule alioukimbia.

Na Obi aliona kabisa hoja za baba zinayumba, akaanza kupata matumaini. Ndipo akaingia chumbani kwa mama.

Mama ni mgonjwa, amelala. Anamsimulia ndoto, alikuwa amelala kwenye kitanda kimetandikwa kitambaa cheupe, mchwa wakaja wakala kitanda na mkeka na kitambaa chote. Halafu anamwambia, kama unataka kumuoa huyo binti ngoja nife kwanza, hutangoja sana, ila ukifanya mimi nikiwa hai damu yangu itakuwa juu ya kichwa chako, nitajiua.

Hapo Obi akakatika. Na kuna kitu Achebe alikiweka ambacho nikikumbuka nasisimka, zamani Obi akiwa mtoto alisahau wembe wenye kutu kwenye mfuko wa nguo yake, mama akawa anafua, ukamkata mkono, damu ikamwagika. Tangu siku hiyo mtoto alijihisi amefungwa kwa mama kwa ile damu. Kwa hiyo mama aliposema damu kichwani kwako hakuwa anasema na mhitimu wa Uingereza, alikuwa anasema na yule mtoto wa wembe. Naelewa kabisa kwa nini alinyamaza. Mtu yeyote mwenye mama anaelewa, na mimi simlaumu kwa kunyamaza mbele ya kile kitanda.

Namlaumu kwa yaliyofuata.

Alirudi Lagos, akamwambia Clara tutulie kidogo, mambo yatakaa sawa. Clara akavua pete akamrudishia. Akamwambia kuna jambo lingine nilitaka kukwambia ila basi. Jambo lenyewe ni mimba. Sasa hapo "tutulie kidogo" haipo tena, hapo unaamua leo. Na alivyoamua mnakumbuka? Akazunguka kutafuta daktari. Daktari mmoja mzee akakataa, akauliza kwa nini usimuoe, msichana mzuri hivi. Kijana mwingine akakubali kwa pauni 30. Siku ya siku Obi yuko kwenye gari lake anaangalia Clara anachukuliwa kwenye gari la daktari, moyoni anataka kukimbia awazuie apige kelele simameni, twende tukaoane sasa hivi. Hakukimbia. Gari likaondoka, ndo akaanza kulitafuta mitaani, kalipoteza.

Clara akaugua vibaya akalazwa wiki kadhaa, Obi alipoenda kumwona akageukia ukutani.

Na mama? Mama akafariki muda si mrefu, kama alivyosema hutangoja sana. Na yule mtoto mtiifu, mwenye radhi, HAKWENDA KUMZIKA. Alituma hela. Alipiga hesabu kwamba nauli na gharama za kwenda bora ziende kwenye msiba. Watu wa Umuofia pale Lagos wakasema ni damu hiyo, hata babaake hakwenda kumzika Okonkwo, babu yake Obi.

Sasa ndugu yangu uliyeandika jana, nisaidie. Kama alimwacha Clara kwa sababu ya heshima ya mama, heshima hiyo ilikwenda wapi siku ya kaburi? Mi nachoona ni mtu ambaye kila alipotakiwa kusimama na mtu wake kwa mwili wake mwenyewe, aliweka hela pale. Pete pauni 20, daktari pauni 30, msiba hela ya posta. Ukinambia aliogopa nitakubali haraka sana, ila utii siuoni.

Na kwa nini hili linaniuma, nitasema. Kwetu ni mwambao. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar 1897, mwambao wa Kenya 1907, Tanganyika 1922, lakini neno "asili" bado lipo kwenye vikao vya posa, linasemwa kwa sauti ya chini. Mama yangu mdogo aliposwa, barua imekuja, mkaja umetolewa, ndugu wameshaanza kuhesabu siku. Bibi wa upande wa pili akauliza wale asili yao nini hasa, akaambiwa, akasema nikiwa hai hapana. Yule kijana hakuja mwenyewe. Alimtuma mshenga. Bibi yangu akarudisha mkaja kwenye bahasha ile ile na hakuna aliyemlaumu yule kijana, wote wakasema amemsikiliza bibi yake, kijana mwenye adabu. Adabu yake ikalipiwa na mama yangu mdogo, miaka mtaani akipita watu wanamwangalia wakitafuta kasoro.

Ndo maana Clara kwangu ndo mhusika mwenye heshima kwenye kile kitabu. Alisema ukweli mwenyewe, bila kuulizwa, kabla ya pete.

---

NIMERUDI. Nimesoma komenti, nyingine kali, nitajibu chache.

Aliyesema "unamhukumu mtu wa zamani kwa macho ya leo": Clara naye ni mtu wa zamani hizo hizo. Daktari mzee naye. Kiaga ni wa zamani zaidi yao wote. Kumbe hata wakati ule kulikuwa na watu walioweza kusema hapana, sasa kwa nini tukitaka kumtetea Obi tunaigeuza zamani nzima iwe na akili moja?

Aliyesema "Clara alijua hatma yake, angemkataa mapema": alimkataa ndugu yangu, na si mara moja. Alimwambia siwezi kuolewa na wewe, baadaye tena akataka uchumba uvunjwe asije akamgombanisha na ndugu zake, Obi ndo aliyekuwa anambembeleza anamtuliza. Hata pauni 50 za kumtoa kwenye shida ya bima ya gari alimkopesha yeye, zikaibiwa kwenye gari la Obi. Sasa mwanamke afanye nini tena ndo mseme hakujileta?

Kuna dada amemleta Yasmin wa Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, nashukuru sana. Yule binti wa Kihindi aliyeozeshwa kwa mzee Raza bila kupenda, akatoka kwenye ile ndoa, kwao wakamfungia mlango, akaenda mtaa wa Ng'ambo, Zanzibar, kuishi na rafiki yake Mwajuma. Dada anauliza mbona Yasmin msichana mdogo asiye na shule kubwa wala kazi aliweza na Obi mwenye digrii na ofisi serikalini akashindwa? Nimelifikiria sana hili. Naona Yasmin alikuwa ameshapoteza kila kitu siku ile anaozwa, hakuna jina zuri lililobaki la kulinda. Obi alikuwa na jina, mwana wa kwanza wa kijiji kusoma ulaya, alipokelewa kwa shangwe, kila mtu ana mkono wake kwenye maisha yake kwa zile pauni 800. Hapo kidogo namwonea huruma, watu waliokuchangia wanahisi wamekununua mpaka na kitanda. Lakini bado, pale kwenye mkutano wa chama aliweza kuwawakia wote. Aliyemshinda ni mtu mmoja tu mgonjwa kitandani.

Aliyesema mama wa Obi ni katili: hapana, hapo naomba tusifike. Yule mama ndo aliyekuwa anawasimulia watoto hadithi za kwao mpaka mumewe akakataza eti ni za wapagani. Alikuwa anakufa na alijua, na hofu aliyokuwa nayo hakuitunga yeye, alikunywa na maziwa. Yule bibi aliyemkataa mama yangu mdogo nae nilimjua, alikuwa anatupa watoto visheti tukipita. Hiyo ndo inayofanya jambo liwe gumu, angekuwa katili ingekuwa rahisi.

Mwingine kauliza kama mama mdogo ameisoma hii riwaya. Hajaisoma, nilimsimulia mwaka jana tukiwa jikoni. Nilipofika hospitali aliniuliza kitu kimoja, yule msichana alipona? Nikamwambia alipona. Hakuuliza chochote kuhusu Obi.

Na wa mwisho, umeniuliza mara tatu "ungekuwa wewe Obi na mama anasema atajiua ungefanyaje", haya. Kwa mama ningenyamaza kama yeye, sikudanganyi. Nisingemjibu mgonjwa. Ningekaa pale siku zangu zote za likizo nimshike mkono, ningewatafuta wazee wa kanisa la baba niwaulize habari za Kiaga mbele yake. Hayo yote huenda yasingesaidia kitu. Ila pale Lagos, ile siku, gari la daktari linaondoka na Clara yuko ndani na mimi nimekaa kwenye gari langu na ufunguo mkononi, ningepiga honi. Honi tu. Angegeuka.