Baba mkwe hacheki tunapoangalia vichekesho

Swali (Katuba, Lubumbashi):
Ndugu zangu, kila Jumapili jioni tunaangalia vichekesho pamoja na baba mkwe, naye hukaa amekunja mikono kifuani, macho yakiwa ukutani, huku mimi nikibana kicheko hadi machozi yananitoka. Nifanyeje asijione mgeni sebuleni kwetu?

Jibu:
Dada, mwanasaikolojia wa Marekani Robert Provine aliona kwamba watu hucheka takriban mara 30 zaidi wakiwa pamoja kuliko wakiwa peke yao. Ukibana kicheko kwa ajili ya heshima, unamnyima nafasi ya kuambukizwa.

Jibu:
Naomba kutofautiana kidogo. Baba yangu hakuwahi kucheka vichekesho vya Kifaransa, kwa sababu utani wa maneno ulimpita. Lakini tulipomwekea michezo ya kuigiza ya kundi la Mufwankolo, la hapa hapa Lubumbashi, kwa Kiswahili kile kile anachokizungumza sokoni, aliweka kikombe cha chai chini, akajipigapiga mapajani kwa kicheko. Muulize mzee alichekeshwa na nini enzi za ujana wake.

Muulizaji:
Asanteni sana. Kumbe tulikuwa tunamwekea vya kwetu tu. Jumapili hii atachagua yeye.